Kisima Namba Kumi na Saba

Nilihamia Mlimani muhula umeshakatika kiuno,
na barua ya uhamisho iliyokunjwa mara nne
hata herufi za kwenye mikunjo zimefutika.
Mbeya nilimaliza masomo kumi na moja.
Hapa wakayapokea saba.
Manne, alisema karani bila kuinua macho,
hayana mwenzake huku.

Darasani kila mtu alikuwa na mtu.
Orodha ya makundi ilishachapwa,
mimi nikaongezwa chini kwa kalamu ya bluu:
Sekela, na pembeni, amehamia.

Sikuja kutafuta utafiti, nasema kweli.
Mama alipangiwa mionzi Ocean Road
Jumanne na Alhamisi,
nikahama ili asikae peke yake kwenye benchi lile refu.
Jumatano ikabaki tupu.
Jumatano ndiyo iliyonifikisha mlangoni kwa Dokta Mbonea,
penye karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya kidonda:
Natafuta wawili wa kubeba chupa. Nauli ipo.
Haikuuliza umetoka wapi.

"Mita ya chumvi unaijua?"
"Hapana."
"Unaweza kuandika unachokiona,
hata kama sicho unachokitaka?"
Nilikawia kujibu. Nadhani kukawia ndiko kulikonipa kazi.

Tandale, Manzese, Mburahati,
vichochoro vya kupita kwa ubavu,
Godlisten mbele na mita kifuani
kama mtu aliyeazima yai.
Kisima cha tano nikagundua sikuwa nikisuuza kijiti.
Tukarudi kuanzia cha kwanza, jua la saa saba.
Hakuna aliyenisema.
Heri wangenisema.

Namba kumi na saba ni cha Bi Sikudhani,
mfuniko wa bati, jiwe juu ya bati,
na paka juu ya jiwe.
Mita ikasoma elfu tatu mia moja na arobaini.
Nikamtajia.
"Hiyo ndiyo nini?"
"Ni chumvi, bibi."
"Chumvi naijua. Mwaka juzi ilikuwa inaingia Desemba,
sasa Oktoba tu chai imeshaikataa sukari."
Kisha, akimwondoa paka:
"Walikuja wengine na vichupa kama hivyo.
Majibu walikwenda kuyalia wapi?"

Godlisten akatazama viatu vyake.
Mimi nikatazama daftari,
safu ya mwisho, Maelezo, tupu ukurasa mzima.
Nikaandika humo: Desemba, Oktoba, chai.
Nikamuuliza na kabla ya mwaka juzi.
Nikamuuliza jirani yake, na fundi aliyechimba.
Mbeya tulikuwa na somo la kumhoji mkulima
bila kumtilia jibu mdomoni.
Ni moja ya yale manne.

Dokta Mbonea alisoma akiwa amesimama.
"Hii Desemba umeitoa wapi?"
"Kwenye ulimi wa mwenye kisima."
Akanyamaza, feni ikazunguka, ikazunguka.
Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.
"Mita yangu ina miezi minane," akasema.
"Huyo bibi ana miaka thelathini.
Jumatano rudi. Visima vyote. Uliza hivyohivyo."

Alhamisi, kwenye benchi, mama akaniuliza
nimejifunza nini huko kwa wenye vyuo vyao.
Nikamwambia kusuuza kijiti.
Alicheka mpaka nesi akachungulia.

Januari nilirudi namba kumi na saba
na karatasi moja, Kiswahili kitupu,
namba zetu upande huu, miaka yake upande ule,
jina lake juu kabisa, limechapwa.
Aliisoma polepole, kidole kikitangulia.
Hakunishukuru. Aliikunja mara mbili,
akaichomeka penye bati na boriti.
"Basi usisimame tu," akasema,
"shika ndoo hiyo."