Faili Lenye Nukta

Sikonge, Jumatatu, saa mbili kasoro.
Naandika neno la siri. Kioo kinazima,
kinawaka, kinaniuliza tena jina.
Naandika polepole, herufi kwa herufi,
kama anayemtajia karani mgeni ukoo wa babu yake.
Kinazima. Kinawaka. Jina?

Nje Mihambo ameshusha ndoo nne za asali,
Limbu sita, na nta ndani ya kiroba,
na mimi, miaka tisa kwenye kiti hiki cha ushirika,
nyumba niliyoipanga mwenyewe inanirudisha mlangoni.
Kosa langu nini? Kompyuta haisemi.
Ina adabu ya mgeni mwenye njaa: nimeshiba, asante.

Alasiri Nyanzala akafika na pikipiki kutoka Tabora,
vumbi hadi kwenye nyusi.
Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja,
picha ikaondoka, ukabaki weusi na maandishi.
"Huku ni uani," akasema. "Linux haifungi uani."
Akaandika amri fupi; majina yakashuka,
yote nayajua
isipokuwa moja, lililoanza na nukta.

"Chenye nukta mbele hufichwa. Hili ni daftari la makosa,
kila unapoingia linaandika."
Tukasoma.
Onyo: fonti haipo.
Kosa: printa haijibu.
Printa haijibu. Printa haijibu.
Printa tuliyoiuza mwaka juzi!
Kurasa kwa kurasa, usiku na mchana,
mpaka diski ikajaa pomoni.

"Neno lako la siri ni sahihi," akasema.
"Tangu asubuhi unaingia.
Ukishaingia, hakuna pa kukaa."

Akalifuta. Akaizuia ile printa kutajwa.
Alipofunga mkoba nikamwomba:
lisirudi mafichoni.
Akaliwekea njia hapo hapo mezani pa kioo,
kati ya leja na kalenda, akauliza aliite nani.
Nikasema, liite Malalamiko.

Jua likishuka nyuma ya ghala nikamwita Mihambo.
"Samahani kwa kungoja. Mzani uko tayari."
"Si neno. Habari za nyumbani?"
"Nzuri," nikasema,
na nikaisikia nukta
iliyotangulia mbele ya neno.

Hakuisikia yeye, au aliisikia.
Ndoo ya kwanza: kilo ishirini na saba.