Kugonga Meza

Tandahimba, saa saba usiku. Umeme umekwenda zake tangu magharibi.
Simu imeegeshwa chini ya glasi ya maji, taa yake juu,
inatupa mwanga wa maji ya mchele
kwenye chaga la mbao tulilolifanya meza.
Nje malori kumi na tisa, pua kwa mkia, yanasubiri ghala,
na mimi, karani wa mizani, niliyeshinda nikipima korosho za watu,
nimeshika karata mbili na siwezi kuzipima.

Poka tulifundishwa na Likapa,
aliyewapikia wazungu wa gesi kule Msimbati.
Kambi ilipofunga virago akabaki na sufuria mbili,
suruali ya mifuko sita, na mchezo huu.
Sasa mzungu tuliye naye ni wa nne, wa kopa,
amelala mwisho wa safu na ndevu zake, hana habari.
Kabla yake tisa ya shupaza, nne ya uru, mbili ya pau, sita ya uru.
Mkononi nina tisa ya kopa. Na ree,
ree isiyo na mwenzake,
kama mgeni rasmi aliyefika kabla ya viti.

Katikati kuna elfu kumi na nane.
Wengine wameshatupa, wamebaki macho.
Mbele yangu Mchopa, dereva wa fuso, anatafuna kijiti.
Zamu ya kusema ni yangu.

Nitie, au nigonge?

Nina elfu saba. Tano kati yake ni ndoo kumi za maji.
Nikiitia hiyo tano, nani ataifuata?
Mwenye mzungu mkononi ataifuata, tena kwa mbio.
Aliye chini yangu, na kijisita chake, na kijinne chake,
atazitupa aende kukojoa.
Dau langu litamfukuza niliyemshinda
na kumkaribisha aliyenishinda.
Karamu gani hiyo?

Baba yangu hakujua kugonga.
Mikorosho ikiwa bado na maua
alikwishauza kwa kangomba, kwa bei ya chumvi,
akalala usingizi mzuri mpaka msimu.
Mjomba Nandonde yeye aligonga, akagonga, akagonga:
mnada wa kwanza hapana, wa pili hapana, mkono juu na wenzake,
mpaka mvua ikamkuta, na bei ikawa chini
kuliko ile aliyoitukana.
Nimetoka katika ukoo huo.
Msiniulize kwa nini nachelewa.

"Karani," anasema Mchopa, "mbona kwenye mizani una haraka?"

Kwenye mizani kuna namba. Hapa kuna kijiti:
mzungu alipotua kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.
Kilisimama kwa furaha,
au kwa uzi wa muhogo uliokwama kwenye jino?
Likapa husema hela ni maneno,
usiiweke mpaka ujue unamwambia nani nini.
Mimi nataka kumwambia Mchopa: nina kitu, si kikubwa.
Hakuna noti ya kusema hivyo.

Nikakunja kidole.
Nikagonga chaga, ko, ko,
kama mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba.

Mchopa akaniangalia. Akaziangalia hela.
Akagonga naye.

Tukafunua. Sita ya pau, kumi ya kopa: basi, ndiyo mali yake yote.
Elfu kumi na nane zikaja kwangu bila kelele,
nikazibana ndani ya daftari la mizani.

"Ungetia," akasema, akivuta turubai ajifunike, "ningekulipa."

Lori la kwanza lilipopanda mizani alfajiri
nilikuwa bado naihesabu elfu tano ambayo hakuiweka mtu,
na mpaka leo sijui kama alisema kweli
au alikuwa bado anacheza.