Pijo ya Mlokole

Baba alikuwa mlokole, hakuonja mbege.
Hata kwenye matanga ya kaka yake, kule Machame,
kata ilipomfikia aliipokea kwa mikono miwili
akaipitisha kwa jirani kama anayepitisha mtoto mchanga.

Kwa hiyo naona haya kidogo, hapa Pasua,
fundi Senzota anapotoka chini ya boneti, grisi hadi viwikoni:
"Dada, gari la mzee linalewa."

Pijo 504, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana.
Kabureta imelazwa juu ya gazeti
kama kuku aliyepasuliwa.
Mpira wa mafuta umevimba, umelainika,
ukiubana unakuachia ngozi nyeusi vidoleni.
"Huu ulizaliwa kabla ya habari hizi," anasema.
"Haukufundishwa spiriti."

Siamini. Nataka kuona.
Anachukua chupa ya soda, anaikwaruza mstari kwa msumari:
maji hadi mstarini, petroli juu yake,
kidole gumba mdomoni mwa chupa, anatikisa
kama dawa ya kikohozi ya mtoto.
Tunasubiri.
Maji yamepanda.
Yamevuka mstari, nusu ukucha,
na hakuna aliyeongeza maji.
"Umeona? Spiriti imeihama petroli, imeyakimbilia maji.
Ndivyo ilivyo, haitulii kwa mume mmoja.
Masika ikiingia, unyevu ukishuka kwenye tangi,
vitakumbatiana huko chini,
na wewe utakuwa mlimani unapiga stata unalia."

Aikael amefuata pikipiki yake.
Anakata miwa Arusha Chini, shingo imejaa michoro ya majani.
"Msiitukane miwa mbele yangu.
Molasi ile tuliimwaga barabarani kuua vumbi.
Sasa ina bei, na binti yangu yuko kidato cha tatu.
Mnalilia kipande cha mpira?
Petroli inatoka kwa watu wasiojua jina langu.
Muwa naujua mpaka mzizi."
Kisha anaelekeza kidevu upande wa Kibo.
Wingu limefunguka kidogo,
na weupe uliobaki kule juu
ni kipande cha sabuni kinachoishia mkononi.
"Na moshi wake mwepesi."

"Mwepesi, sawa," Senzota anamjibu.
"Na kabureta nani analipa? Mlima?"

Wanabishana hadi chai inapoa.
Mimi nimeinamia chujio.
Limemwagwa juu ya kitambaa: tope jekundu, kutu,
miaka arobaini iliyokaa kimya kwenye sakafu ya tangi
mpaka spiriti ilipokuja kuibandua.
Pombe huwa hivyo, huwafungua wanyamavu.
Humo ndani, naapa, imo petroli
ya mwaka ule tuliopanga foleni siku mbili,
baba amelala kwenye usukani, kofia usoni.
Imo na ile ya usiku aliomkimbiza mama KCMC,
akarudi peke yake.
Hakuwahi kuusimulia usiku ule.
Tulimwona asubuhi analiosha gari,
analiosha tena, mpaka ndoo ya tatu.

Nilitaka kuuliza nani ana haki.
Nimeuliza bei.
Mpira mpya, wa aina inayostahimili. Boya.
Jeti ipanuliwe kidogo, maana kinywaji hiki
kinaunguza haraka kuliko kinavyoshibisha.
Aikael anatupa elfu mbili mezani, amenuna:
"Ili mwache kuisema miwa."
Senzota anaichukua bila kumtazama.

Jioni naipandisha Machame.
Baada ya Kwa Sadala inakohoa, mara mbili,
kisha inakaza mwendo.
Nimeteremsha kioo. Huenda ni mimi tu,
lakini nyuma yetu kuna harufu tamu kidogo,
kama sufuria ya sukari iliyosahauliwa jikoni.
Samahani, baba.
Mpira wako wa zamani nimeufunga kwa gazeti,
umo humu kwenye droo, pamoja na miwani yako.
Bado unanata.