Bambo

Mita ishirini chini ya vitunguu vya mama
protoni zinapita.
Mduara wa kilomita sita na ushei,
mara elfu arobaini na saba kila sekunde,
chini ya uwanja wa mpira, chini ya mbio za farasi,
chini ya Bi Wübbena na mbwa wake kiziwi,
na hakuna kikombe kinachotikisika kabatini.

"Tjark," huniuliza mama, jembe mkononi,
"huko chini mnatafuta nini hasa?"
Miaka kumi na mitano jibu langu ni lile lile:
kilichomo ndani ya kitu.
Naye hujibu mhh,
mhh ya mtu aliyepunjwa na anajua.

Mimi ni fundi wa baridi.
Wenye shahada wana milinganyo; mimi nina valvu,
heliamu, na sikio la kushoto.
Baridi yangu ingeigandisha hewa ya Hamburg ikawa jiwe,
ukungu wa mto Elbe, moshi wa soseji, vyote.
Humo sumaku hulala, nami huzichungulia
kama mlezi asiyeamini usingizi wa watoto.

Babu alikuwa mkaguzi wa nafaka bandarini.
Bambo lake la shaba linaning'inia jikoni kwetu hadi leo.
Alilichoma guniani, akalichomoa,
akazipindua punje kiganjani,
asije mtu akauziwa ngano juu, pumba chini.

Basi elektroni ndiyo bambo letu.
Yenyewe haina ndani.
Tunaichoma kwenye protoni, kisha tunasoma ilivyopinda.

Tulitarajia punje tatu,
kwaki tatu, kama mafiga.
Tukachoma kwa kina zaidi: zimeongezeka.
Tukazidisha nguvu: hazihesabiki,
gluoni juu ya gluoni, kwaki na kinyume chake
zikizuka na kufutana kabla neno "zimo" halijaisha kinywani.
Daktari Lüdemann alinionyesha mchoro wakati wa chakula,
kidole chake kina siagi:
"Hapa mstari ulitakiwa ulale. Ona ulivyopanda."

Na uzito? Mafiga yale matatu
ukiyaweka mizanini hayafiki hata mbili kwa mia.
Uliobaki hauna mwenyewe.
Ni purukushani tu: kukimbizana,
na kutoachana.

Nilimwambia mama, naye anampimia jirani viazi.
Akaitazama mizani kitambo.
"Kwa hiyo nauza purukushani,
kilo mbili."
Kisha akaitaja nyumba ya Altona, sisi saba, vyumba viwili,
baba akitafuta kiatu kimoja kila asubuhi ya Mungu.
Akaongeza kiazi cha bure.

Usiku wa mwisho wa Juni wakazima.
Tulikunywa mvinyo kwenye vikombe vya karatasi,
mtu akapiga picha ya skrini isiyo na kitu.
Hesabu haikufungwa: protoni hujizungusha yenyewe
na hatujui nani analipia mzunguko huo;
kwaki zimetoa kama theluthi,
wadaiwa wengine hawajajitokeza.
Wenzangu walikwenda na gari la mwisho.
Nikabaki na sumaku. Hazipashwi moto kwa pupa,
chuma kikiharakishwa hupasuka.
Nikafungua valvu robo, nikaacha joto liingie
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia.
"Sijalala," alisema mama. "Kimya kimezidi."
Nikamweleza: mita ishirini, zege, udongo,
hakuna alichowahi kusikia, haiwezekani.

Mhh, akasema.