Beseni la Tatu

Usimguse kwa kalamu, binti wa chuo, atanywea.
Mguse kwa kidole. Hivyo. Umeona?

Wa beseni la kwanza unawajua,
hao waridi wasio na uso wala mgongo,
ukiwabana wanarusha maji kama mtoto aliyevuliwa nepi.
Jana uliwapima kwa rula, ukawapa jina refu
kuliko wao wenyewe.
Beseni la pili ni majongoo bahari. Hao hata paka wa Yeosu anawajua.

Ila huyu.
Kahawia, mfano wa ngumi iliyosahauliwa ndani ya glavu,
minyiri kumi na tisa. Mimi nilihesabu ishirini,
lakini mwenye miwani ni wewe.
Jicho hana. Mfupa hana. Bei anayo:
woni elfu nane kwa bakuli, chumvi bure.

Unauliza wenyeji wanamwitaje.
Wenyeji ni mimi.
Mama mkwe alimkatakata kwenye supu miaka thelathini
na hakumwita kitu. Alisema, "Lete kile,"
nikaleta kile.

Siku moja mteja kutoka Seoul, viatu vinang'aa,
akasimama hapo uliposimama: "Hiki nini?"
Ukisema hujui, utauza nini?
Nikatazama ng'ambo ya njia, mezani kwa Bun-rye,
niliyemdai pesa za barafu tangu kiangazi,
na kila nikimkumbusha hujikunja, hununa,
huzama ndani ya shingo yake mwenyewe.
Nikasema: "Huyu ni bunrye. Mzuri kwa figo."
Akanunua wawili.

Wiki haikwisha, wauzaji watatu wameandika bunrye kwenye kadibodi.
Mwenyewe akasoma.
Hakunisemesha hadi majira ya kutia kabichi chumvi,
kisha akaja na ndoo ya barafu, akaimwaga yote
juu ya buti zangu, akacheka
mpaka akashika meza asianguke.

Sasa umerudi na karatasi ya maabara:
hajawahi kuandikwa popote.
Na chini, kwa mwandiko wako, jina la kienyeji: bunrye.
Asili ya neno: haijulikani.

Inajulikana.
Ile meza yenye turubai la buluu,
imefungwa kamba tangu Februari.
Ile pale.

Andika, au acha.
Ila toa mkono majini, nina mteja,
na huyo uliyemshika
ndiye wa mwisho leo.