Kinga

Kwetu Lubumbashi baiskeli inaitwa kinga,
na kazi yetu ni kutunza chanjo. Bango la ukutani,
lililopauka tangu enzi za wakubwa watatu waliopita,
linasema: KINGA NI BORA KULIKO TIBA.
Daktari Mukalay alilisoma upya asubuhi moja,
akacheka peke yake dakika nzima,
kisha akatangaza shindano.

Mwezi wa tisa wote, ajaye kazini kwa kinga
atahesabiwa kilomita zake.
Chola wa ghala akatundika ubao mweusi kando ya friji kubwa:
majina kumi na moja, chaki, uzi wa kupimia ramani.
Zawadi, matairi mawili mapya na mfuko wa unga.
Sharti, uwe umefika kabla ya saa mbili.
Saa mbili na dakika moja ni sifuri,
hata kama umetoka Kipushi.

Siku ya kwanza tulikuwa kichekesho.
Kabwit wa uhasibu alivaa kofia ya pikipiki ya mumewe.
Kisimba, tumbo mbele, alililaumu tandiko.
Kinga ya mlinzi Petroni haikuwa na breki;
alisimama kwa kiatu, na kila jioni
soli ilipungua, kilomita zikaongezeka.
Wiki ya pili Kisimba alifumwa pale Tunnel
akiishusha kinga kutoka kwenye buti ya teksi.
Chola alimfutia kilomita kumi na nne kwa kiwiko,
na siku tatu tulimwamkia: "Dereva, hujambo?"

Mimi niliandikwa wa mwisho. Sikutaka.
Kinga niliijua ikiwa na magunia manne nyuma,
makala, yale ya kupikia,
na miguu ya baba ikiisukuma
barabara ya Kasenga, usiku,
ili mzigo ukute soko halijaamka.
Ada yangu ya shule ilinuka moshi.
Mkuu wa shule alihesabu noti, kisha akafuta vidole.
Nikaapa: nitapanda chochote, si hiyo.

Lakini unga ni unga.
Wiki ya tatu nikaongoza.
Vumbi jekundu liliniingia hadi kwenye soksi,
na magoti yangu, yaliyonuniana miaka ishirini,
yakaanza kusemezana.

Ijumaa ya mwisho, mwinuko baada ya daraja la Naviundu,
kijana mmoja amekwama na magunia yake.
Ameinama, paji la uso juu ya usukani,
gurudumu linakwenda mbele nusu, linarudi nusu.
Hakuomba. Msukuma makala haombi,
pumzi haitoshi kwa kazi mbili.
Saa yangu: moja na dakika arobaini na nne.
Nikailaza kinga yangu kwenye majani,
nikaweka viganja chini ya gunia la mwisho,
pale pale. Vilipajua vyenyewe.

Huko juu akasema, "Aksanti, mama," bila kugeuka,
kwa kuwa ukigeuka, mzigo nao unageuka.

Nilifika saa mbili na dakika tisa.
Chola, chaki mkononi, akaitazama saa,
akavitazama viganja vyangu, akaitazama tena saa
kana kwamba ingemhurumia mtu.
"Andika sifuri," nikasema.
Petroni akachukua matairi na unga.
Breki, tukamwambia, atachangiwa.

Kabla ya kunawa nikausogelea ubao,
nikabandika kiganja mbele ya jina langu.
Hakikuonekana. Makala hayaandiki juu ya cheusi;
sharti usogee, uinamishe taa ya ghala,
ndipo uone mistari ya mkono.

Jumatatu hapakuwa tena na shindano.
Nilitoka nyumbani mapema, robo saa nzima.
Kuna mwinuko pale.