Ngozi ya Kuazima

Ibra, mwezi wa pili, baridi ya alfajiri.
Mbuzi wetu Kashata kazaa mfu,
na kwa jirani, Bwana Ghusni, yupo yatima wa siku moja
analia kama mlango usiotiwa mafuta.
Tumemleta. Kashata kamnusa mkiani,
mara moja tu, kisha kampiga pembe.

"Si wake, na anajua," kasema mama,
akaomba kisu.

Mimi ndiye niliyesomea mifugo, miaka mitano;
naijua njia ya harufu kama njia ya dukani.
Huingia na pumzi, chembe isiyoonekana,
huyeyuka katika ute, juu kabisa ya pua,
huko vinywele vya neva vimelala kama majani chini ya maji,
kila kimoja na kufuli lake.
Kufuli likifunguka, cheche.
Cheche hupanda kwa uzi, uzi hupenya mfupa
uliotobolewa tobo tobo, chekeche hasa,
na juu ya chekeche ubongo umeweka kitunguu chake kidogo
cha kupokea habari.

Sauti hupiga hodi. Mwanga hupiga hodi,
husubiri sebuleni mpaka uulizwe: nani?
Harufu haina adabu hiyo.
Hupitia uani, ikaingia moja kwa moja
chumba cha hofu, chumba cha kumbukumbu,
ikakaa kitandani.

Ndiyo maana Kashata hakufikiri.

Mama alimchuna yule mfu taratibu,
kama anayemvua mtoto nguo za shule,
akamshonea yatima koti: sindano ya magunia, uzi wa nailoni,
miguu minne ikapita katika matundu manne.
Kitoto kikajikwaa ndani ya mwenzake, kikaenda.
Kashata akanusa. Akanusa tena.
Akatoa ile sauti ya chini wanayowatolea wao tu,
na chuchu ikashikwa.

"Ananukaje?" mama akaniuliza.
Damu, nikasema. Maziwa, mkojo, jani bichi.

Hana pua tangu gari lilipopinduka njia ya Sinaw.
Kichwa kilitikisika, nyuzi zikakatika
pale pale kwenye chekeche, kama tambi.
Neva hizi huota upya, wiki baada ya wiki,
karibu ni hizo tu mwilini zenye ukaidi huo;
lakini kovu limeziba matundu,
na nyuzi changa hufika mlangoni, zikapapasa,
zikapotea.
Siku hizi wali unaungua hajui.
Udi anauchoma mpaka majirani wanakohoa.

Siku ya nne tukakata uzi, koti likavuliwa.
Kashata hakushtuka: maziwa yake yalikwishapita
ndani ya kile kitoto, kikawa kinanuka yeye mwenyewe.

Jioni, kama kila jioni, mama kafungua sanduku,
katoa kanzu ya baba, ile ya rangi ya tende,
kishada cha shingoni kakitia puani,
kile ambacho baba alikichovya attari kila Ijumaa.
Kavuta pumzi ndefu.
Kangoja.
Kisha akaninyooshea.
"Bado ipo?"

Nikanusa. Sabuni ya unga. Vumbi. Mbao za sanduku.

Nikasema ipo.